Kilegesambwa Kinapotoka Mahali Pake: Upasuaji wa Goti kwa Mbwa na Paka

Kiswahili kina jina la pekee kwa mfupa mdogo wa mviringo unaokaa mbele ya goti: kilegesambwa. Wengine huuita pia ya goti. Jina la kwanza linamtaja mbwa, na kwa kweli miongoni mwa wanyama wafugwao nyumbani, mbwa ndiye ambaye mfupa huu humtaabisha zaidi. Paka naye hupatwa, ingawa kwa nadra.

Katika kata ya Makere, kwenye nyanda za juu za Kigoma, kando ya barabara itokayo Kasulu kuelekea Kibondo, mbwa hufugwa alinde nyumba, mbuzi na shamba, na paka hufugwa alinde ghala. Mnyama anapoanza kuchechemea, mtu wa kwanza kuulizwa huweza kuwa mhudumu wa zahanati au muuza dawa, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Anachosema mtu huyo katika siku ya kwanza huweza kuamua kama mnyama atatembea au la. Makala haya yanaeleza jinsi kilegesambwa kinavyoteguka, jinsi ya kupima uzito wa tatizo, lini upasuaji unahitajika, unafanywaje, na nini kifanyike mahali ambapo chumba cha upasuaji wa wanyama kiko mbali.

Hoja ya msingi ni moja. Kilegesambwa huvutwa kutoka mahali pake. Kukirudisha bila kurekebisha kile kinachokivuta si tiba.

Goti lilivyoundwa

Goti la mbwa na la paka limejengwa kwa mpango uleule wa goti la binadamu. Mfupa wa paja hushuka kutoka nyonga na kuishia kwenye mfuo wa gegedu laini, wenye ukingo upande wa ndani na ukingo upande wa nje. Msuli mkubwa wa mbele ya paja hukusanyika kuwa kano. Kilegesambwa kimo ndani ya kano hiyo. Chini yake kano huendelea hadi kwenye kinundu kilicho mbele ya muundi, yaani mfupa mkubwa ulio chini ya goti. Msuli unapokaza, kano huvuta kinundu na goti hunyooka.

Mfano wa karibu ni kamba ya kisima inayopita juu ya kapi. Kamba ikivutwa sawasawa na mfuo wa kapi, hukaa. Ikivutwa kwa mshazari, hupanda ukingo na kuruka. Na mtu aweza kuirudisha mara kumi, nayo ikaruka mara kumi, maadamu ndoo inaning'inia upande. Katika goti, kamba ni kano, kapi ni ncha ya mfupa wa paja, na ndoo ni kinundu cha muundi. Nyonga, paja, mfuo na kinundu vikiwa kwenye mstari mmoja, kilegesambwa hutulia. Mstari ukipinda, au mfuo ukiwa na kina kidogo, kilegesambwa huruka ukingo.

Sababu

Sababu ziko za namna mbili. Ya kwanza ni umbile ambalo mnyama huzaliwa nalo au hukua nalo. Mara nyingi kilegesambwa chenyewe hakijatoka siku ya kuzaliwa, bali mstari wa mifupa una kasoro ndogo ambayo huongezeka kadiri mnyama anavyokua. Hali hii huwapata zaidi mbwa wa mbegu ndogo za kigeni, kama Pomeranian, Chihuahua na Yorkshire Terrier, na kwa wengi wao magoti yote mawili huathirika. Kilegesambwa hutoka upande wa ndani mara nyingi zaidi kuliko upande wa nje, kwa mbwa wakubwa na wadogo. Hata hivyo, kutoka upande wa nje huonekana zaidi kwa mbwa wakubwa kuliko kwa wadogo.

Sababu ya pili ni ajali. Pigo la pikipiki, teke la ng'ombe au kuanguka kutoka juu huweza kuchana nyama na kano zinazokishika kilegesambwa pembeni. Mbwa wa kienyeji wa vijijini, mwenye umbo la wastani na miguu mirefu, si wa kundi lile la mbegu ndogo. Kwa hiyo mbwa mzima wa namna hiyo akianza kuchechemea ghafla, ajali ifikiriwe kwanza, na mnyama apimwe mwili mzima: kifua, tumbo na nyonga, kabla ya goti. Mbwa mdogo wa mbegu ya kigeni aliyeletwa kutoka mjini, au chotara wake, afikiriwe kwa njia ya kwanza.

Kwa paka, mfuo wa goti kwa kawaida si wa kina kirefu, na kilegesambwa chake huweza kusogea kidogo hata akiwa mzima. Kusogea huko peke yake si ugonjwa. Ugonjwa ni kusogea pamoja na kuchechemea, kukataa kuruka, au goti kukwama.

Madaraja manne

Madaktari wa mifugo hutumia mpangilio wa madaraja manne, uliotokana na kazi ya Putnam ya mwaka 1968 na ya Singleton ya mwaka 1969. Mpangilio huu hauhitaji mashine. Unahitaji mkono mtulivu.

Daraja la kwanza: kilegesambwa kimo ndani ya mfuo. Kikisukumwa kwa kidole, mguu ukiwa umenyooshwa, hutoka. Kikiachwa, hurudi chenyewe. Mnyama kwa kawaida hachechemei.

Daraja la pili: kilegesambwa hutoka mnyama anapokunja goti au kinaposukumwa, na hubaki nje mpaka mguu unyooshwe au kirudishwe kwa mkono. Huyu ndiye mbwa anayekimbia vizuri, kisha ghafla akainua mguu wa nyuma, akaruka hatua tatu nne kwa miguu mitatu, akautupa mguu nyuma, na kuendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Wenye mbwa wengi hudhani ni mwiba.

Daraja la tatu: kilegesambwa kiko nje muda mwingi. Kwa mkono hurudi, lakini kikiachwa hutoka tena. Mguu umeanza kupinda, na mnyama hutembea akiwa amekunja goti.

Daraja la nne: kilegesambwa kiko nje daima na hakirudi kwa mkono. Muundi umezunguka kiasi cha nyuzi 60 hadi 90. Magoti yote mawili yakiwa hivyo, mnyama huinama nyuma na kutambaa kama aliyechuchumaa.

Kumpima mnyama

Kabla ya kumshika mnyama yeyote anayeburuta miguu ya nyuma, swali la kwanza si la goti. Kichaa cha mbwa huweza kujionyesha kwa kupooza, bila ukali wowote. Mbwa aliyebadilika tabia, anayetoka mate mengi, anayeshindwa kumeza au ambaye kupooza kwake kunazidi siku hadi siku, asifunguliwe kinywa wala asiguswe. Afungiwe, na afisa mifugo aitwe. Hata mbwa asiye na kichaa huuma akiwa na maumivu. Mtu aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo apimwe kwa ajili ya chanjo, bila kusubiri mbwa afe au apone.

Hofu hiyo ikiondoka, mnyama atazamwe kwanza akitembea, kisha akiwa amesimama, mwisho akiwa amelala ubavu, mdomo wa mbwa ukiwa umefungwa kwa ukanda laini. Mpimaji hutafuta kinundu cha muundi kwa kidole, hufuata kano kwenda juu, na kufika kwenye kilegesambwa. Akitaka kujua kama hutoka upande wa ndani, hunyoosha goti, huzungusha wayo kidogo kuelekea ndani, na kukisukuma. Akitaka kukirudisha, hunyoosha goti, huzungusha wayo kuelekea nje, na kukisukuma nje. Nguvu haitumiki, kisiporudi kwa wepesi, kiachwe.

Hapa wahudumu wa afya wanahitaji tahadhari. Kwa binadamu, kilegesambwa karibu siku zote hutoka upande wa nje, na huduma yake ni kunyoosha goti taratibu huku kikisukumwa ndani. Mwenye mazoea hayo akimfanyia mbwa vivyo hivyo, atakuwa akikisukuma kule kilikokwenda. Aidha, kwa mtu aliyeteguka mara ya kwanza, mapumziko na mazoezi mara nyingi hutosha. Kwa mbwa mwenye mifupa iliyopinda, mapumziko hayanyooshi mfupa.

Si kila kuchechemea ni kilegesambwa. Kano ya msalaba iliyo ndani ya goti huweza kukatika, na mbwa wazee wenye kilegesambwa kilichoteguka kwa muda mrefu huweza kupatwa na yote mawili. Nyonga huweza kuteguka, mfupa huweza kuvunjika, wayo huweza kuwa na kidonda. Picha ya eksirei ya nyonga, goti na muundi husaidia kutenganisha haya, na kabla ya upasuaji ni ya lazima.

Dawa zisizofaa

Jambo hili limewekwa peke yake kwa kuwa madhara yake ni ya haraka kuliko ya goti lenyewe. Paka asipewe parasetamoli kwa kiasi chochote. Mwili wake hauwezi kuivunja. Damu hupoteza uwezo wa kubeba oksijeni, na kidonge kimoja chatosha kumwua. Mbwa asipewe ibuprofeni wala diklofenaki. Huleta vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Muuza dawa anayeulizwa dawa ya mguu wa mbwa anafanya jema kubwa akikataa kuuza. Zipo dawa za maumivu zilizokusudiwa wanyama, na kipimo chake hutolewa na daktari wa mifugo kwa uzito wa mnyama.

Lini kupasua

Daraja la kwanza bila kuchechemea halihitaji upasuaji. Mnyama asinenepe, apimwe tena baada ya miezi michache, na mwenyewe aelezwe dalili za kuangalia.

Daraja la pili huamuliwa na maisha ya mnyama. Mbwa mzee anayeruka hatua mbili mara moja kwa juma aweza kuachwa. Mbwa kijana anayechechemea kila siku apasuliwe, kwa kuwa kila kilegesambwa kinapovuka ukingo hukwangua gegedu, na gegedu iliyolika hairudi.

Daraja la tatu na la nne kwa kawaida huhitaji upasuaji, na hapa umri ni jambo zito. Mtoto wa mbwa mwenye miezi mitatu au minne bado mifupa yake inakua. Kilegesambwa kikiwa nje, mfuo haupati msukumo wa kuuchimba, nao hubaki bapa. Msuli unaovuta kwa mshazari huipinda mifupa mwezi baada ya mwezi. Goti ambalo lingetengenezwa kwa kazi ndogo leo, baada ya miezi michache huhitaji kukata mifupa, na baadaye tena huenda lisitengenezeke. Usemi wa "atakua, atanyooka" ndio unaowagharimu wanyama hawa miguu yao.

Upasuaji unavyofanywa

Mnyama mzima hunyimwa chakula kwa saa 8 hadi 12. Watoto hufungishwa kwa muda mfupi zaidi. Hupewa dawa ya kupunguza maumivu kabla ya kisu, kisha nusukaputi. Mguu wote hunyolewa na kusafishwa, na dawa ya kuzuia maambukizi hutolewa mwanzoni. Goti hupimwa tena mnyama akiwa amelala, kwa kuwa msuli uliolegea huonyesha mambo yaliyofichika.

Daktari hufungua goti kutoka mbele kwa pembeni. Kazi zinazofuata huchaguliwa kulingana na kasoro iliyoonekana. Si lazima zote zifanywe kwa kila mnyama. Mifano hapa ni ya kilegesambwa kilichotoka upande wa ndani.

Kwanza, kulegeza upande uliokaza. Nyama na utando wa upande wa ndani vilivyofupika hukatwa ili kilegesambwa kiweze kurudi bila kuvutwa.

Pili, kuongeza kina cha mfuo. Zamani mfuo ulikwanguliwa tu, na gegedu ikapotea. Njia bora zaidi ni kukata kipande cha mfupa chenye gegedu juu yake, chenye umbo la kabari au la tofali, kuondoa mfupa kidogo chini yake, na kukirudisha kipande kikae chini zaidi. Gegedu hubaki nzima. Kipimo cha kufaa ni kwamba karibu nusu ya unene wa kilegesambwa izame ndani ya mfuo. Kwa mtoto wa mbwa ambaye gegedu yake bado ni nene, huinuliwa kama kifuniko, mfupa ulio chini huchimbwa, na kifuniko hurudishwa.

Tatu, kuhamisha kinundu cha muundi. Kinundu hukatwa kwa msumeno mwembamba, kikiachwa kimeshikwa kwa chini, kisha husogezwa nje mpaka kano ipite sawasawa na mfuo. Hushikizwa kwa pini moja au mbili za chuma, na kwa mbwa mzito huongezwa waya. Hii ndiyo kazi inayonyoosha kamba ya kisima. Kwa mnyama ambaye bado anakua haifanywi kwa namna hii, maana hugusa sehemu ya ukuaji wa mfupa.

Nne, kukaza upande uliolegea. Utando wa upande wa nje hukunjwa na kushonwa.

Tano, kwa mbwa ambao mfupa wa paja wenyewe umepinda sana, mfupa hukatwa na kunyooshwa, kisha hufungwa kwa bamba la chuma. Kazi hii huhitaji vipimo vya picha na daktari mzoefu.

Kabla ya kufunga jeraha, goti hukunjwa na kunyooshwa mara kadhaa, na wayo huzungushwa ndani na nje. Kilegesambwa kikitoka mezani, kitatoka nyumbani; kazi haijakwisha.

Kwa paka hatua ni hizihizi. Tofauti ni kwamba mifupa ni midogo na mfuo ni wa upana, hivyo vifaa huwa vidogo na mkono huhitaji uangalifu zaidi.

Baada ya upasuaji

Mfupa uliokatwa huhitaji majuma sita hadi manane kuunga. Katika muda huo mbwa hutoka nje akiwa ameshikwa kwa kamba fupi, dakika chache kwa ajili ya haja, bila kukimbia wala kuruka. Kumfunga kwa mnyororo mrefu uani si mapumziko, kwa kuwa hurukia kila apitaye. Chumba kidogo au banda lenye sakafu isiyoteleza hufaa zaidi. Paka hukaa katika chumba kisicho na kitu cha kupanda. Mwenye mbwa wa ulinzi ajue kabla ya kukubali upasuaji kwamba kwa karibu miezi miwili hatakuwa na mlinzi.

Nyuzi hutolewa siku ya 10 hadi ya 14. Jeraha likivimba, likitoa usaha au mnyama akiacha kuweka mguu chini baada ya kuwa ameanza, arudishwe mapema. Eksirei hurudiwa baada ya majuma sita hadi manane.

Matokeo kwa madaraja ya chini ni mazuri. Kwa daraja la nne uangalifu wa kuahidi unahitajika. Katika uchunguzi wa mbwa 109 uliochapishwa na Arthurs na Langley-Hobbs mwaka 2006, matatizo baada ya upasuaji yalitokea kwa asilimia 18, na kilegesambwa kilitoka tena kwa asilimia 8. Pale mfuo ulipoongezwa kina na kinundu kikahamishwa, kutoka tena kulipungua. Takwimu hizo zinathibitisha mfano wa kamba na kapi: kushona na kukaza pembeni peke yake, bila kugusa mfupa uliopinda, mara nyingi ni kuifunga kamba kwenye kapi huku ndoo ikiendelea kuvuta upande.

Mahali palipo mbali na hospitali ya wanyama

Upasuaji huu huhitaji nusukaputi, eksirei, vifaa vya mifupa na daktari aliyefunzwa. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 haziachi kazi ya namna hii kwa asiye daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, hufundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama. Lakini kutoka Makere hadi Morogoro ni safari ndefu, na si kila mfugaji aweza kuimudu.

Hilo halimaanishi kwamba hakuna la kufanya. Njia huanza kwa afisa mifugo wa kata, kisha daktari wa mifugo wa wilaya, Kasulu au Kibondo. Simu moja yenye maelezo sahihi huokoa safari isiyo ya lazima na huharakisha iliyo ya lazima. Maelezo hayo ni manne: umri wa mnyama, tatizo lilianza lini na kwa namna gani, kilegesambwa kiko upande gani, na kama kinarudi kwa mkono. Kwa hayo, daktari aliye mbali aweza kukisia daraja.

Pale ambapo upasuaji hauwezekani, mnyama mwenye daraja la pili aweza kuishi miaka mingi akitunzwa uzito, akipewa dawa ya maumivu iliyoagizwa na daktari na sehemu ya kulala isiyoteleza. Asizalishwe, kwa kuwa umbile hurithiwa; kuhasiwa ni sehemu ya tiba ya kizazi kijacho. Vijiti visifungwe gotini: huzuia damu, hukausha msuli, wala havigusi mstari wa mfupa. Kuchua kwa nguvu huongeza jeraha. Na mnyama ambaye magoti yote mawili yamekwisha kukwama, anayetambaa na kupata vidonda, anastahili mazungumzo ya kweli kati ya mwenyewe na daktari, yakiwemo ya kumpumzisha bila maumivu.

Muhtasari

Kilegesambwa hufuata mvuto. Tazama mguu mzima, si goti peke yake. Kabla ya kumshika mbwa anayeburuta miguu, fikiria kichaa. Daraja la kwanza huangaliwa. La pili hupimwa kwa maisha ya mnyama. La tatu na la nne hupelekwa mapema. Dawa za binadamu zibaki kwa binadamu. Na mtoto wa mbwa anayeruka kwa miguu mitatu aonwe na afisa mifugo juma hilohilo, wakati mifupa yake bado inaweza kunyooka kwa kazi ndogo.